Maji Ambayo Hayakumwagwa

Darasani kwa Mwalimu hakuna mtoto aliyejichotea maji ya kunywa. Kila aliyesoma kwake atakusimulia hilo kabla ya jambo lingine lolote. Ndoo ya maji yaliyochemshwa ilikaa kona ya nyuma juu ya meza fupi, na kata ya plastiki ya mpini mrefu ilining'inia ukutani. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake. Aliyeona kiu alinyoosha mkono, akataja jina la mwenzake, na huyo aliyetajwa ndiye aliyekwenda kumchotea. Mkigombana, Mwalimu aliwafunga pamoja: hakuna mwingine wa kukuchotea ila yule uliyegombana naye, mpaka mpatane.

Wakati mmoja wavulana wawili walipigana kwa sababu ya mpira wa nailoni. Siku iliyofuata mmoja alimchotea mwenzake maji ya kulowesha ulimi tu.

"Mbona kidogo hivi?"

"Kiu yako ndogo. Kama miguu yako."

Zamu ilipogeuka, yule mwenye miguu midogo alimimina mpaka kikombe kikafurika kwenye shati la mwenzake.

"Mwalimu, ananiogesha!"

"Wewe ulimnyima, yeye anakuogesha," Mwalimu alisema bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha. "Endeleeni. Mimi sina haraka."

Wiki haikuisha wakawa wanachoteana kikombe sawasawa, kisha wakasahau walikuwa wamegombania nini.

Niliyasikia hayo kwa sababu nilifundisha chumba cha pili, na ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye paa. Wajenzi waliishia usawa wa linta, juu kidogo ya mlango, wakaahidi kurudi, hawakurudi. Hivyo kwa miaka mingi, katika shule yetu ya msingi upande wa Mwaya, niliwafundisha watoto wangu sehemu na desimali huku sikio langu moja likiwa kwake. Jina lake sitaliandika. Sababu itaonekana.

Wazazi walimwita Mwalimu wa Maji, na mwanzoni walimwita hivyo kwa kejeli. Kyela maji si kitu cha kutafuta. Mvua za masika zikianza, mito inapanda kwenye mashamba ya mpunga, barabara zinageuka mifereji, na kuku wanalala juu ya migomba. Katika mkutano mmoja wa wazazi, baba mmoja mnunuzi wa kakao alisimama akamwambia, "Mwalimu, sisi hapa maji tunayakimbia. Somo lako lipeleke Dodoma."

Watu walicheka sana. Mwalimu aliwaacha wamalize.

"Mafuriko yalipoingia kwako mwaka jana, mlikunywa nini?"

"Tuliomba maji."

"Kwa nani?"

Yule baba akaonyesha kwa kidevu. "Kwa jirani huyu hapa."

"Ambaye mlikuwa hamsalimiani."

"Ndiyo, lakini alitupa."

"Na maji yenu yalikuwa wapi?"

"Yalikuwa sebuleni, Mwalimu. Yamejaa."

Hapo hata mkuu wa shule alicheka. Mwalimu akasema, "Basi hilo ndilo ninalofundisha," akaketi.

Alifundisha kutopoteza maji, lakini maji kwake yalikuwa mlango tu. Nyuma ya mlango huo alikuwa na mambo yake: kusema kweli, kungoja zamu, kuona kazi ya mtu mwingine hata kama hayupo. Akimwona mtoto anamwaga nusu kikombe nje ya dirisha, alimwita, akamwambia aguse shingo yake mwenyewe. "Nyuma ya kila ndoo kuna shingo ya mtu," alisema. "Umemwaga shingo ya nani?" Mtoto alitaja aliyechota asubuhi ile, kisha alikwenda kwa huyo mtu kumwomba radhi. Nilidhani watoto watauchoka mchezo huo. Hawakuchoka. Niliwasikia hata njiani wakirudi nyumbani: "We, umemwaga shingo ya mama yako!"

Tulikuwa na bomba moja la maji ya mserereko yanayotoka milimani. Koki yake ilikuwa mbovu, usipoikaza kwa nguvu ilidondosha. Siku moja katikati ya somo la Kiswahili nilisikia anawaambia watoto wake, "Kalamu chini. Fumbeni macho. Sikilizeni." Darasa lake lilinyamaza, na langu nalo likanyamaza kwa udadisi. Kwa mbali tukasikia matone yanapiga kwenye zege.

"Nani kaliacha wazi?" mtoto mmoja akauliza kwa hasira ya kizee.

"Hilo silitaki," Mwalimu akajibu. "Nataka kujua nani alipita pale leo, akaona, akaendelea na safari yake."

Kisha mkono mmoja ukanyooshwa, nadhani, kwa maana nilimsikia Mwalimu anasema, "Asante. Mwingine?" Na mwingine. Na mwingine. Mwisho akasema, "Na mimi. Nilipita nikiwa nimebeba chaki." Wakatoka wote pamoja kwenda kukaza koki moja.

Hakupenda wasichana wafike shuleni wamechoka kwa kuchota maji alfajiri wakati kaka zao wanafika wakipiga miluzi. Akawapa wavulana kazi ya nyumbani: kila mmoja achote ndoo moja kabla ya kuja. Siku chache baadaye bibi mmoja alikuja shuleni amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekuja kupigana.

"Wewe Mwalimu, umenigeuzia mjukuu wangu kuwa msichana?"

"Ugonile, bibi."

"Usiniamkie! Amebeba ndoo kichwani, mchana kweupe! Watu wa sokoni wote wamemwona!"

"Maji yalifika nyumbani?"

"Yalifika."

"Ulipikia?"

"Nilipikia."

"Chakula kilikuwa na ladha ya kiume?"

Bibi yule alijitahidi kubaki na hasira, midomo ikamsaliti, akageuka pembeni kuficha kicheko. Walifikia mapatano: mjukuu achote, ila afunge dumu kwenye baiskeli, heshima ya ukoo isianguke sokoni.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na mambo yaliyotuchosha. Yeye aliyewahesabia watoto kila tone alioga muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye. Tulipanga nyumba moja ya walimu mwaka wa kwanza, sisi wanawake wawili, na kila jioni niligonga mlango wa bafu la nje nikiwa na taulo begani. "Mwalimu, umeumaliza mto?" Alijibu kutoka ndani, "Mimi ninafundisha. Sikusema nimehitimu." Aliliogopa ziwa kupita kiasi. Tulipowapeleka watoto Itungi kuona bandari, alisimama mbali kabisa juu ya mchanga mkavu, akiwafokea watoto waliokaribia mawimbi, halafu akiyafokea mawimbi yenyewe.

Hakumpiga mtoto hata siku moja, lakini ulimi wake ulikuwa mkali. Mvulana mmoja mzito wa kuinuka, Mwalimu alimwita Figa, jiwe la jikoni, kwa kuwa hasogei pale alipowekwa. Alisema kwa utani, mara moja tu. Jina likamganda yule mtoto. Mwalimu alipogundua kwamba linamuumiza, alilipiga marufuku, akawaadhibu waliolitumia, akamwomba msamaha mbele ya darasa zima. Haikusaidia. Leo huyo ni baba wa watoto, anaendesha bajaji Kyela mjini, na jina hilo limeandikwa kwenye kioo cha nyuma kwa rangi nyekundu. Anasema ameshalizoea. Mwalimu hakulizoea, akiiona ile bajaji alitazama upande mwingine.

Katika yote, jambo alilolishika kwa nguvu zaidi ni kusema kweli. Mtoto aliyevunja, aliyemwaga, aliyechelewa, akisema mwenyewe, mambo yaliishia hapo, na mara nyingi alisaidiwa na darasa zima. Mtoto aliyedanganya hakupewa adhabu yoyote ila hii: Mwalimu hakumwita kujibu swali mpaka aje mwenyewe kusahihisha. Watoto waliogopa hilo kuliko fimbo ya mkuu wa shule. Naye alijibana vilevile. Asubuhi moja alichelewa, mkuu wa shule hakuwepo, hakuna aliyeona. Mkuu aliporudi mchana, Mwalimu alikwenda ofisini akajishtaki. Tulimcheka. "Mngenicheka zaidi," alisema, "kama ningeingia darasa lile nikiwa nimejificha."

Nimeliweka hilo hapa kwa makusudi, ili nitakalolisimulia sasa lipimwe kwa uzito wake.

Mwaka ule masika yalikuja mabaya. Mto ulitoka kwenye kingo zake, maji yakaingia katika nyumba za bondeni, yakachanganyika na vyoo vya shimo, na bomba la mserereko likakatika huko juu. Maji yalipoanza kushuka, ugonjwa wa kuhara na kutapika ukatokea nyumba moja, kisha nyumba nyingine. Bwana afya alizunguka akiwa na kipaza sauti: maji yote yaliyokuwa ndani wakati wa mafuriko yamwagwe, vyombo vioshwe, maji mapya yachemshwe au yatiwe dawa.

Siku shule ilipofunguliwa tena, nilimsikia Mwalimu kupitia juu ya ukuta ule mfupi. Nilisikia kila neno.

"Leo nafundisha kinyume. Mkifika nyumbani, maji yote yaliyokuwemo ndani mmwage. Yote."

Watoto walicheka. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hata ya kwenye dumu?"

"Hata ya kwenye dumu."

"Hata yenye mfuniko?"

"Hata yenye mfuniko. Hata kama uliyachota wewe mwenyewe. Leo ukimwaga, humwagi shingo ya mtu, unailinda."

Katika darasa hilo alikuwemo binti mmoja wa darasa la tano. Alikuwa mtoto ambaye wenzake walimtaja mara nyingi kuliko wote wakiona kiu, kwa sababu alichota polepole na hakudondosha. Mama yake alifanya biashara ya mchele, akienda Kasumulu na kuvuka kwa ndugu zao upande wa Malawi, na barabara ilikuwa imemzuia huko. Baba alikuwa Mbeya kwenye kazi za ujenzi. Binti alibaki na mdogo wake wa kiume, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema maneno mawili mawili, na shangazi yao wa nyumba ya jirani aliwatazama.

Siku moja kabla ya mafuriko, binti huyu alikuwa amepanda hadi kwenye chemchemi ya juu na kurudi na ndoo kubwa iliyojaa. Aliifunika, akaiweka juu ya kichanja. Jioni ile baada ya somo alimwaga maji ya sufuria, akamwaga ya madumu. Ile ndoo hakuimwaga. Ilikuwa juu, ilikuwa na mfuniko, ilikuwa safi kwa macho, na alikuwa ameileta kwa shingo yake.

Mama alifika siku mbili baadaye akamkuta mtoto mdogo anaumwa. Wakambeba kwenda zahanati. Hakurudi akiwa hai.

Ni lazima niseme hapa kwamba hakuna aliyejua, wala anayejua hadi leo, kama ni ile ndoo. Bwana afya mwenyewe alisema kuna watoto walioumwa katika nyumba zilizomwaga kila kitu. Lakini msibani watu wanahitaji kitu cha kushika.

Kwetu, nyumba yenye msiba haichoti maji yake. Majirani wanawake wanaleta: ndoo, kuni, ndizi, mchele, na wanakaa hapo na wafiwa siku zote za msiba. Maji yako yakipokelewa, wewe ni mtu wa nyumba hiyo katika huzuni yake. Mimi na Mwalimu tulikwenda pamoja, kila mmoja na ndoo yake, tukaziweka kwenye mstari karibu na moto, tukaingia kukaa chini pamoja na wanawake wengine. Mama wa mtoto alikuwa amelala ukutani, kichwa kwenye mapaja ya ndugu yake. Magoti yangu na ya Mwalimu yaligusana kwa wingi wa watu.

Shangazi aliingia kutafuta chombo cha wageni kuogea. Akainua mfuniko wa ndoo ile ya kichanjani.

"Haya maji ni ya lini?"

Akainama akayanusa.

"Nauliza, maji haya ni ya lini? Si tuliambiwa tumwage?" Akageukia ukuta. Alama ya tope iliyoachwa na mafuriko ilipita juu ya kichanja, juu ya mfuniko wenyewe. Sote tuliiona kwa wakati mmoja. "Haya maji yalizama! Nani aliyaacha? Mtoto alikunywa haya?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo. Uso wake ulibadilika. Wanawake walianza kugeuka, mmoja mmoja, kufuata macho ya shangazi. Midomo ya binti ilifunguka.

"Ni mimi," Mwalimu alisema.

Alisema kwa sauti ileile ya darasani.

"Wewe Mwalimu?"

"Mimi. Niliwaambia watoto maji yenye mfuniko wasimwage. Nilikosea. Mtoto huyu alitii tu."

Shangazi alimtazama. "Wewe na maji yako," alisema, taratibu. "Wewe na maji yako, Mwalimu." Mama wa mtoto aliinua kichwa, akamtazama vilevile, akakirudisha. Kisha shangazi akatoka nje. Tulimwona kupitia mlango anakwenda moja kwa moja kwenye mstari wa ndoo, anauliza ipi ni ya Mwalimu, anaonyeshwa, anaiinamisha. Maji yakaingia mgombani. Ndoo tupu akaiweka njiani, mdomo ukitazama barabara.

Sikuwa nimewahi kuona jambo hilo likifanywa kabla ya siku ile, na sijaliona tena. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mwalimu aliinuka, akasema "poleni," akachukua ndoo yake akaondoka. Nikamfuata.

Njiani nilimwambia, "Mwalimu, mimi nilikusikia. Uliwaambia wamwage hata yenye mfuniko."

"Ulisikia vibaya."

"Ukuta haufiki juu."

"Basi ufikishe wewe."

Tulitembea. Karibu na nyumba za walimu alisimama, akanishika mkono. "Yule mtoto ataishi hapa miaka yake yote. Ataolewa hapa. Kila akipita watasema ndiye aliyemnywesha mdogo wake. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nina uhamisho." Akaniomba nisilitamke kwa yeyote. Nikamwahidi.

Mkuu wa shule alipomuuliza, alirudia uongo uleule. Watoto wengine wa darasa lake walijua alichokisema siku ile, lakini walikuwa watoto, na watu wazima walikuwa wameshaamua. Wachache waliojaribu kusema nyumbani waliambiwa wasimtetee. Ndoo iliondolewa kwenye kona ya nyuma, ikaamriwa kila mtoto aje na chupa yake. Somo la maji likaisha hivyo. Uhamisho aliousema haukuja haraka. Alikaa nasi miaka mingine kadhaa, katikati ya watu wale wale.

Alifanya jambo moja ambalo sikulielewa. Kila msiba ulipotokea alibeba ndoo akaenda. Hawakumwaga tena maji yake, hasira ilikuwa imepungua. Waliyaacha tu. Wanawake walichota kwenye ndoo ya kushoto na ya kulia, wakapika, wakaosha, na yake ikabaki imejaa hadi jioni. Akajitwika, akarudi nayo nyumbani. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Alisema, "Nikiacha kwenda, wataanza kumtafuta mwingine wa kulaumu."

Binti aliendelea na shule. Alikuwa kimya, hakunyoosha tena mkono, na kwa muda wote uliobaki sikumwona akinywa maji shuleni. Tulisema ni majonzi ya ndugu. Mwalimu alimtazama kwa mbali, hakumgusa wala kumwita, akiamini kwamba akimkaribia watu wataunganisha mambo. Binti alipofaulu kwenda sekondari, Mwalimu alikuja nyumbani kwangu akafurahi peke yake, akatia sukari vijiko vitatu kwenye chai yake kama kawaida, akasema, "Unaona? Amepona."

Kisha alihamishiwa Ngana, akastaafu hukohuko. Yanayofuata nayaandika kwa ruhusa ya wote wawili, yeye na yule binti. Walichoomba ni kwamba majina yasitajwe.

Mwaka huu nilikwenda kumwona. Kisukari kimemwingia miguuni; nilimkuta ameketi barazani, miguu imeinuliwa juu ya kigoda, anachambua mchele kwenye ungo. Tulizungumza habari za waliostaafu na waliofariki. Mwezi mmoja kabla, mama wa yule binti alikuwa amezikwa, na Mwalimu, na miguu ile, alikuwa amepanda bodaboda kutoka Ngana hadi Mwaya na ndoo mbele yake.

"Yalichotwa?" nilimuuliza.

"Walikuwa na maji ya kutosha," alisema.

Tulikuwa bado tumekaa tuliposikia hodi. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Alipiga magoti kwenye vumbi la uwanja, mbali kidogo na baraza, kama tunavyowaamkia wakubwa.

"Ugonile, Mwalimu."

"Karibu, mwanangu. Inuka, mtoto ataungua jua."

Hakuinuka. Nikamtambua kwa namna alivyoweka mkoba chini, polepole. Mwalimu naye akamtambua, ungo ukatulia mikononi mwake.

"Nilikuona msibani kwa mama," yule mwanamke alisema. "Niliiona ndoo yako. Nilikaa nikiitazama siku nzima. Nilitaka kusimama nichote, shangazi zangu wote walikuwa pale, sikuweza."

"Ulikuwa na msiba. Usijisumbue na ndoo."

"Mwalimu, mimi nilikusikia siku ile."

"Siku ipi?"

"Ulisema tumwage hata yenye mfuniko. Nilisikia. Sikuwa nje, sikuwa nimelala. Nilisikia vizuri."

Mwalimu alianza kutikisa kichwa. "Ulikuwa mtoto. Watoto wanasahau."

"Sikusahau. Nilijua unachosema kwa shangazi si kweli. Nilijua nikiwa pale pale mlangoni na beseni. Nikanyamaza."

"Na ulitakiwa unyamaze. Ndiyo sababu nilisema."

"Kesho yake nilikuja shule nikakungoja. Nilisema Mwalimu ataniita, ataniuliza. Wewe ulikuwa unauliza kila mtu kila kitu. Nilikungoja mpaka nimemaliza darasa la saba. Ulikuwa ukiniona unapita njia nyingine."

"Nilidhani nikikuuliza nitakuumiza."

"Ungeniuliza ningelia, basi. Nyumbani wote walikuwa wanakulaumu wewe. Ningelia kwa nani? Nikilia sana mama alisema ni kwa sababu yako. Akakuchukia zaidi. Amekufa anakuchukia, Mwalimu, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda."

"Afadhali," Mwalimu alisema, kwa sauti ndogo. "Afadhali alinichukia mimi kuliko wewe."

"Si afadhali."

Mtoto mgongoni alijigeuza, akalala tena. Mimi nilitaka kuondoka lakini hapakuwa na njia isipokuwa pale alipokuwa amepiga magoti. Mwalimu aliweka ungo kando. Alishusha miguu yake kutoka kwenye kigoda, mmoja kisha mwingine, kwa maumivu, akainama mbele mpaka nyuso zao zikalingana.

"Haya," alisema. "Nakuuliza sasa. Ile ndoo, kwa nini hukuimwaga?"

Yule mwanamke alimweleza. Alianza na chemchemi ya juu, njia ilivyoteleza, alivyosimama mara ngapi kupumzika, alivyomwahidi mdogo wake kwamba akinyamaza atampa maji ya mlimani. Alivyoitazama ile ndoo jioni, akainua mfuniko, akaona maji meupe. Alivyoyachota yeye mwenyewe, kwa kikombe cha mtoto.

"Ulikuwa umeyatoa mbali," Mwalimu alisema.

"Mbali sana, Mwalimu."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, bila kujifunika uso, kama anavyolia mtoto wa darasa la tano. Majirani walichungulia kutoka kwenye milango yao. Mtoto mgongoni akaamka, naye akalia. Mimi niliinuka nikamfungua mtoto nikampakata. Kwetu mtu akilia tunamshika bega tunamwambia nyamaza, nyamaza, basi. Mwalimu alimshika mikono yote miwili, na hakumwambia anyamaze.